Tabaka, Utando na Rika: Juu ya Kufasiri Maneno "Layer" na "Stratum" kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyatwika mizigo mingi, neno tabaka lina mahali pa mbele. Mwalimu wa jiografia hulitumia kwa udongo na miamba. Mtaalamu wa hali ya hewa hulitumia kwa ozoni. Mwanasiasa hulitumia kwa matajiri na maskini. Na mwanaisimu hulikimbilia anapotaka kueleza jinsi lugha moja ilivyokaa juu ya nyingine. Katika nafasi hizo zote Kiingereza kina maneno kadhaa yenye mipaka tofauti, na mawili kati yake ndiyo yanayohusika na makala haya, yaani "layer" na "stratum". Mfasiri wa Kiswahili, kwa kawaida, huyapokea yote mawili kwa neno lile lile moja, akaendelea na kazi yake bila kuona kwamba ameacha kitu njiani.

Makala haya yanakusudia mambo matatu. Kwanza, kupambanua maana za maneno hayo mawili ya Kiingereza kwa kuchunguza asili yake na matumizi yake. Pili, kuonyesha mali ambayo Kiswahili kinayo tayari kwa ajili ya maana hizo. Tatu, kueleza hatari inayotokea pale ambapo neno tabaka linahamishwa kutoka kwenye mawe na udongo likapelekwa kwa watu na kwa lugha zao.

Mifano mingi imechukuliwa kutoka Myanga na nchi inayoizunguka, katika eneo la Bumula, Kaunti ya Bungoma, magharibi mwa Kenya. Mahali hapo pana faida kwa mjadala huu. Nyumbani wenyeji wengi husema Kibukusu; sokoni na safarini husikika Kiswahili; shuleni Kiingereza kina nguvu. Mtu wa huko hukutana na lugha tatu kabla jua halijatua, na kwa hiyo swali la lugha ipi iko "chini" na ipi iko "juu" kwake si swali la vitabuni tu.

2. Asili ya maneno mawili

Neno "layer" limetokana na kitenzi "lay", ambacho maana yake ya msingi ni kulaza au kuweka chini. Inafaa ikumbukwe kwamba katika historia ya lugha za Kijerumani kitenzi hicho ni umbo la kutendesha la "lie", yaani kulala. Uhusiano wa "lie" na "lay" ni sawasawa na uhusiano wa lala na laza katika Kiswahili. Kiambishi "-er", ambacho kwa kawaida huonyesha mtendaji, kililifanya neno hilo kwanza kumtaja mwekaji: mwashi alazaye matofali, au kuku atagaye mayai. Maana ya kitu kilicholazwa ilifuata baadaye. Hata leo wafugaji wengi wa Kenya, Bungoma ikiwamo, hulifahamu neno "layer" kwa njia ya kuku wa kutaga na chakula chake kiuzwacho kwa magunia kuliko kwa njia ya tabaka za kitu chochote.

Neno "stratum" lilitoka katika Kilatini. Ni umbo la kutendwa la kitenzi "sternere", yaani kutandaza au kutandika. Kwa Warumi neno hilo liliweza kutaja tandiko la kulalia, na njia iliyotandikwa mawe. Na ni kutokana na njia hiyo ndipo Kiingereza kilipopata neno "street", barabara. Basi maneno yote mawili yalianza kwa tendo la mkono wa mtu. La kwanza ni tendo la kulaza. La pili ni tendo la kutandika.

Lakini hatima zake zilitofautiana. "Layer" lilibaki nyumbani na kazini: jikoni, katika ujenzi, katika mavazi. "Stratum" lilichukuliwa na wataalamu. Mwaka 1669 Nicolaus Steno, mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi Italia, alieleza kanuni ambayo jiolojia inaitegemea hata leo: katika miamba iliyojipanga kwa mashapo, ile ya chini iliwekwa kabla ya ile ya juu, maadamu mpangilio haujapinduliwa. Mwaka 1815 William Smith alichapisha ramani kubwa ya jiolojia ya Uingereza, Wales na sehemu ya Uskoti, akiitambua miamba kwa visukuku vilivyomo ndani yake. Tangu hapo "stratum" halikuwa tena kitu kilichotandikwa tu, bali ukurasa mmoja katika kitabu cha wakati.

3. Tofauti za matumizi

Tofauti ya maneno haya mawili inaweza kuelezwa kwa maswali manne.

Swali la kwanza ni: je, kitu hicho kinaweza kusimama peke yake? "Layer" huweza. Mtu akipaka rangi ukuta mara moja, ametia "layer" moja, na hakuna ulazima wa kuwako nyingine. "Stratum" kwa kawaida ni mmoja katika jamii ya wenzake. Ukitajwa mmoja, msikilizaji huelewa kwamba pana mingine juu yake au chini yake.

Swali la pili ni: nani aliyekiweka? "Layer" hukubali mwekaji kwa urahisi. Mtazame mjenzi wa nyumba ya udongo. Baada ya kusimamisha nguzo na kufunga fito, hukandika udongo mzito kwanza. Ukikauka na kupasukapasuka, hurudia kwa udongo laini. Mwisho hupaka udongo wa rangi au chokaa. Hapo pana "layers" tatu, na kila moja ina siku yake na mkono wake. Kinyume chake ni Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba. Mlima huo ni volkano iliyokwisha kuzimika, wenye urefu wa meta 4,321, na umejengwa na lava pamoja na majivu na vipande vya mawe vilivyotapikwa na kushikamana kuwa mwamba. Katika miamba hiyo laini zaidi yamo mapango. Pango la Kitum, lililo katika hifadhi ya taifa karibu na Kitale, limejulikana sana kwa sababu tembo huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao. Mwamba wanaouchimba ni "stratum". Hakuna aliyeuweka kwa makusudi. Uliwekwa na historia ya mlima wenyewe.

Swali la tatu ni: je, mpangilio una maana? Katika "stratum" mpangilio ndio maana yenyewe, kwa kuwa kuwa chini ni kutangulia. Katika "layer" mpangilio huenda ukawa wa lazima au usiwe. Tazama njia ya reli itokayo Bungoma kwenda Malaba na Uganda: chini pana tuta la udongo, juu yake kokoto, juu ya kokoto mataruma, na juu ya mataruma reli. Mpangilio huo ni wa lazima, lakini ulazima wake ni wa kubeba uzito, si wa kueleza wakati. Ingawa tuta lilitangulia kuwekwa, mhandisi haliulizi umri wake. Huliuliza kama litahimili garimoshi.

Swali la nne ni: je, neno limekwisha kuhamishwa kwa watu? Kiingereza husema "social strata" kwa wepesi, kwa kuwa wanasosholojia waliazima picha ya wanajiolojia. "Layer" likitumiwa kwa watu huwa na ladha ya ofisini: ngazi za wakubwa walioongezeka baina ya mwenye amri na mtenda kazi, ambazo zaweza kuondolewa kesho.

Mfano mmoja unaonyesha maneno yote mawili yakifanya kazi mahali pamoja. Gesi ya ozoni iliyo nyingi angani huitwa kwa Kiingereza "ozone layer", na sehemu ya anga inamopatikana huitwa "stratosphere", neno lililoundwa kutokana na "stratum". Sehemu hiyo ni daraja moja katika mfululizo wa anga: chini yake ipo ile yenye mawingu na mvua, na juu yake zipo nyingine. Ozoni ni kitu kilichoenea ndani ya daraja hiyo. Tangu mwaka 1985, wataalamu walipotangaza kupungua sana kwa ozoni juu ya Antaktika, na hasa baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987, Kiswahili kimezoea kusema tabaka la ozoni. Jina hilo ni zuri na limekubalika. Lakini mfasiri aliyekwisha kuiita stratosfia tabaka atajikuta akiandika tabaka lililo ndani ya tabaka, na msomaji hatajua lipi ni chombo na lipi ni kilichomo.

4. Mali iliyomo katika Kiswahili

Neno tabaka lenyewe ni la asili ya Kiarabu, kutokana na shina lenye maana ya kitu kufunika kingine au kulingana nacho. Katika Korani, Sura ya 67 na ya 71, mbingu saba zimesifiwa kwa neno la shina hilo hilo, na kwa njia ya mafundisho ya dini waja wa pwani walilisikia neno likihusishwa na utaratibu mkubwa wa juu kabla halijawahi kutumiwa kwa udongo wa darasani. Hivyo tangu mwanzo tabaka lina sura ya "stratum" zaidi kuliko ya "layer": linadokeza mfululizo, utaratibu na daraja.

Kando ya neno hilo, Kiswahili kina ukoo mzima wa maneno ya Kibantu yaliyojengwa juu ya mzizi -tand-. Mtu hutanda, hutandaa, hutandaza, hutandika na hutandua. Kutokana na mzizi huo tunapata tandiko, kitanda, na pia utando, yaani kitu chembamba kilichoenea juu ya kingine: utando wa maziwa yaliyopoa, utando juu ya jicho, utando wa buibui. Maana ya mzizi huo ni ile ile ya kitenzi cha Kilatini kilichozaa "stratum". Ushahidi mzuri uko mawinguni. Luke Howard, Mwingereza aliyeyapa mawingu majina ya Kilatini katika maandishi yake ya 1803, aliliita "stratus" lile wingu linaloenea kama shuka. Mswahili asiyepata kumsikia Howard hutazama juu akasema, "Wingu limetanda." Watu wawili wasiojuana wametumia picha moja.

Hata hivyo, kufanana kwa asili si kufanana kwa matumizi. Utando katika Kiswahili ni mwembamba, hauhesabiwi kwa mfululizo, na haubebi kitu. Hakuna asemaye kwamba utando wa tatu umeshikilia utando wa nne. Kwa hiyo neno hilo, ingawa ni ndugu wa "stratum" kwa picha, kwa maana ya leo linaelekea upande wa "layer", na zaidi upande wa kile kinachofunika tu. Hili ni funzo kwa wote wanaounda istilahi: etimolojia ni shahidi, si hakimu.

Yapo maneno mengine. Safu hutaja vitu vilivyo kando kwa kando, kama safu ya milima au ya askari. Ukiyapanga matofali unapata safu, na safu juu ya safu huwa ukuta. Waashi wenyewe huuita mstari mmoja wa matofali kozi, wakahesabu kozi ya kwanza, ya pili, hadi linta. Ukanda nao hutaja eneo lililozunguka kama mshipi. Mtu akiupanda Mlima Elgon hupita mashamba, kisha msitu, kisha mianzi, kisha majani na vichaka vya baridi. Akiwa mbali ataviona vimepandana kama tabaka, lakini mianzi haikuota juu ya msitu. Iko mbele yake, mahali pa juu zaidi. Hiyo ni mikanda. Kuita mikanda hiyo tabaka ni kuyaamini macho ya aliye mbali.

Daraja hutaja hatua au cheo. Ghorofa hutaja orofa ya nyumba. Ganda na gamba hutaja kifuniko kigumu kinachobanduka. Ukoko hutaja kile kilichogandamana chini ya chungu. Lugha yenye maneno yote hayo haiwezi kusemwa kuwa ni maskini katika jambo hili. Upungufu wake hauko katika maneno. Uko katika makubaliano.

Huenda mtu akapendekeza kwamba ngeli zitumike kupambanua. Katika maandishi neno tabaka huonekana kwa upatanisho wa namna mbili: wengine huandika tabaka la udongo na matabaka ya udongo, wengine tabaka ya udongo na tabaka za udongo. Je, isingefaa namna moja ipewe vitu na nyingine ipewe watu? Pendekezo hilo lina mvuto, lakini lingedumu kwa shida. Waandishi hawajagawanyika kwa maana, wamegawanyika kwa mazoea. Na msomaji anayekuta upatanisho mmoja badala ya mwingine hudhani ni kosa la mpiga chapa, wala hatambui kwamba ameonyeshwa maana tofauti. Istilahi inayotegemea herufi moja ya upatanisho ni kama ukuta uliojengwa juu ya utando.

5. Tabaka likihamishiwa kwa watu

Katika siasa za Afrika ya Mashariki neno tabaka lilipata nguvu mpya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Azimio lilieleza nchi ya ujamaa kuwa ni nchi isiyokuwa na tabaka mbili za watu: moja ya chini, ya wale wafanyao kazi, na nyingine ya juu, ya wale waishio kwa kazi ya wenzao. Katika miaka iliyofuata mjadala uliendelea kwa ukali katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1976 Issa Shivji alichapisha kwa Kiingereza kitabu chake juu ya mapambano ya kitabaka nchini Tanzania. Tangu hapo tabaka limekuwa ndilo neno la kufasiria "class".

Hapo ndipo ugumu ulipoongezeka. Wafuasi wa Karl Marx hutofautisha "class" na "stratum". La kwanza huamuliwa na uhusiano wa watu na njia za uzalishaji mali: nani anamiliki shamba, nani analilima. La pili ni fungu lililo ndani ya tabaka, au kundi lililopangwa kwa kipato, elimu au cheo. Max Weber naye alitenga tabaka la kiuchumi na heshima ya kijamii. Mkulima mwenye ekari mbili za miwa karibu na Myanga na mkulima mwenye ekari ishirini huenda wakawa wa tabaka moja kwa hesabu ya kwanza, na wa mafungu tofauti kwa hesabu ya pili. Makala yanayoandika tabaka kwa yote mawili humfanya msomaji afikiri kwamba mwandishi amejipinga mwenyewe.

Suluhisho halihitaji neno geni. Tabaka libaki kwa "class", kwa kuwa limekwisha kukaa hapo kwa zaidi ya nusu karne. Kwa mpangilio wa kipato, elimu na cheo, daraja linatosha, maana kila msikilizaji hulijua kama hatua ya ngazi ambayo mtu huweza kupanda na kushuka.

Kuna namna ya tatu ya kuwapanga watu ambayo Kiingereza huihesabu mara nyingine miongoni mwa "strata", lakini ambayo Kiswahili kimeitenga vizuri, nayo ni rika. Wabukusu wana marika manane ya tohara: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Tohara hufanyika kila baada ya miaka miwili, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na waliotahiriwa huingia katika rika la wakati wao. Marika yote manane yakiisha, majina huanza upya. Mtoto huweza kupata rika lenye jina lile lile la babu wa babu yake.

Yafaa kutazama kwa makini kwa nini mpangilio huu si tabaka kwa maana yoyote iliyotajwa. Rika lina wakati kama mwamba wa Steno, kwa maana wa kwanza alitangulia. Lakini mwamba uliotangulia uko chini, ilhali rika lililotangulia liko juu kwa heshima. Tena mwamba haurudi, na rika hurudi. Tena mtu wa tabaka la chini huweza kufa humo bila kutoka, lakini kila kijana, tajiri au maskini, atakuwa mzee wa rika lake akijaliwa umri. Anayeandika kwamba jamii ya Wabukusu iligawanyika katika matabaka manane amesema jambo la uongo kwa neno moja tu, hata kama majina yote manane ameyataja bila kukosea.

6. Tabaka likihamishiwa kwa lugha

Jambo linalowahusu wanaisimu moja kwa moja ni matumizi ya "substratum". Katika karne ya 19 wanaisimu wa Ulaya, Mwitalia Graziadio Ascoli akiwa miongoni mwao, walitumia picha ya miamba kueleza athari za lugha iliyotangulia katika nchi juu ya lugha iliyokuja baadaye. Kilatini kilipoenea Ufaransa ya kale kiliikuta lugha ya Wagauli. Lugha hiyo ilikufa, lakini inasemekana iliacha alama zake chini ya Kilatini. Baadaye yaliongezwa maneno ya lugha ya juu na ya lugha ya jirani. Picha ilikuwa ya wakati: chini maana yake kabla.

Sasa istilahi hiyo ifasiriwe neno kwa neno kwa Kiswahili. Kibukusu, kwa Kiswahili kisemwacho Myanga, kitaitwa lugha ya tabaka la chini. Mwanaisimu aliyesoma vitabu vya Kiingereza ataelewa alichokusudia. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyelelewa kwa Kibukusu, atasikia kile ambacho kila Mswahili husikia katika maneno tabaka la chini: watu wanyonge, wasio na mali wala elimu. Ataelewa kwamba chuo kikuu kimetamka rasmi kuwa lugha ya mama yake ni ya watu duni. Wala hatakuwa amekosea kusoma. Aliyekosea ni mfasiri.

Ukweli wenyewe wa lugha hauhitaji picha hiyo. Katika Kibukusu vipasuo ghuna havisimami peke yake. Hupatikana baada ya nazali tu, katika mfuatano kama mb, nd na ng. Kwa hiyo msemaji ambaye Kibukusu ni lugha yake ya kwanza huweza kutamka kari kwa gari, na tawa kwa dawa, lakini hana taabu yoyote na ngoma, ndoo wala mbuzi. Jambo hilo si ulegevu wa ulimi wala ukosefu wa elimu. Ni kanuni ya fonolojia inayofanya kazi kwa utaratibu kamili, na mwalimu aijuaye kanuni hiyo anaweza kutabiri neno lipi litampa mwanafunzi shida na lipi halitampa.

Tena picha ya tabaka haifai hapa kwa sababu ya pili. Wapo wanaisimu walitumiao neno "substratum" kwa lugha iliyoachwa na wasemaji wake tu. Kibukusu hakijaachwa. Kinasemwa leo pamoja na Kiswahili, katika kinywa kimoja na katika siku moja, huku Kiteso kikisemwa upande wa Malaba na Kisabaoti katika miteremko ya Elgon. Miamba miwili haiwezi kukaa mahali pamoja kwa wakati mmoja, lakini lugha huweza.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba, pale ambapo maana ni ya wakati, istilahi itaje wakati: lugha tangulizi kwa ile iliyokuwapo kabla, na lugha fuatizi kwa ile iliyokuja juu yake. Pale ambapo lugha huishi kando kwa kando zikiathiriana, lugha jirani inatosha. Na pale ambapo msemaji mmoja huingiza kanuni za lugha yake ya kwanza katika ya pili, isemwe hivyo hivyo: athari ya lugha ya kwanza. Kama pana haja ya kueleza cheo ambacho serikali au shule imezipa lugha, jambo hilo ni la kweli na lina uzito wake, nalo lina neno lake, daraja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, ikakifanya pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na ikaiwajibisha serikali kukuza na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Hizo ni daraja za kisheria. Zinaweza kujadiliwa na kubadilishwa na watu, jambo ambalo haliwezekani kwa miamba.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba "layer" ni kitu kilicholazwa, kinachoweza kuwa kimoja na kuwa na mwekaji, na ambacho swali lake kuu ni unene na kazi yake. "Stratum" ni mmoja katika mfululizo, na swali lake kuu ni nafasi yake na wakati wake. Kiswahili kinaweza kuyabeba yote mawili kwa tabaka bila madhara pale ambapo mazungumzo ni ya vitu, maadamu mwandishi anaongeza neno la kufafanua, na pale ambapo kitu ni chembamba kilichoenea tu, utando upo.

Lakini chiniya kitu ina maana tatu ambazo Kiswahili huzitaja kwa neno moja. Kokoto ziko chini ya mataruma kwa sababu zinabeba. Mwamba wa pango la Kitum uko chini ya miamba mingine kwa sababu ulitangulia. Mfanyakazi aliyetajwa katika Azimio yuko chini kwa sababu amedhulumiwa. Mfasiri anayekutana na "stratum" hana budi kuuliza kwanza ni chini ipi kati ya hizo tatu. Akipata jibu, neno litajileta lenyewe: tabaka, safu, ukanda, daraja, rika au lugha tangulizi. Asipouliza, ataandika tabaka, na msomaji wake wa Myanga ndiye atakayelipa gharama ya neno hilo.